Jiwe la Sisyphus na ndoo ya Igogo

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26. Nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita na kazi niliyoisomea sijaipata. Sasa niko mwalo wa Igombe, hapa Mwanza, na mama mdogo, tunaanika dagaa na kuwapeleka Kirumba. Mvua ya ghafla ikija tunakimbizana na turubai, na wanaoloa tunawauza kwa bei ya kutupa kwa watengeneza chakula cha kuku. Usiku naandika mashairi. Mwaka jana nilisoma tena Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, nikaanza kutafuta habari za Camus na Sartre, waandishi wa falsafa wa Ufaransa, na tangu hapo sina raha. Kama maisha hayana maana, kuandika shairi kuna maana gani? Mzee mmoja wa kanisani kwetu ameniambia udhanaishi, hiyo falsafa yao, ni ukafiri wa Wazungu, niachane nao. Nakutumia ubeti mmoja. Naomba uniambie ukweli."

Marahaba, kijana wangu. Ubeti wako ni huu:

Maisha hayana njia, yametanda giza nene,
Moyo wangu waumia, majibu nisiyaone,
Usiku mimi nalia, sina mtu tuonane,
Nani ataniambia, kuishi maana gani?

Nimeusoma mara tatu, na kabla sijagusa vina wala mizani nina swali. Anayelia usiku ni mhusika wa shairi, au ni wewe? Kama ni wewe, kama kuna usiku umeona afadhali kusikuche, basi usingoje ushairi wala falsafa. Mwambie mama yako mdogo leo, kwa maneno ya kawaida, na nendeni hospitali ya Bugando, ambako kuna wataalamu wa magonjwa ya akili. Sonona ni maradhi, na hutibiwa. Camus aliandika mwaka 1942 kwamba kujiua ndilo swali zito kuliko yote katika falsafa, kisha akatumia kitabu kizima kueleza kwa nini jibu ni hapana. Wengi hukariri sentensi ile ya mwanzo wakaachia hapo, nami nimefundisha vijana wa kutosha kujua madhara yake. Mtu anaweza kubeba swali la maana ya maisha miaka arobaini, akala, akacheka, akalala usingizi mzito. Maradhi hayakuachii hivyo. Usiku vitu hivi viwili hufanana sana, ndiyo sababu nimelitanguliza hili.

Sasa nije kwenye ulichouliza, na nianze na neno lenyewe. Wewe unalia kwamba maisha hayana maana, lakini sikiliza neno hilo linavyotumika hapo hapo mwaloni. Mtu akichukua magunia matano ya dagaa kwa mali kauli, akafika mjini akazima simu, watu wanasemaje? "Yule hana maana." Wanachosema ni kwamba amewatupa wenzake. Mwanamke anayefika msibani wa kwanza, akakaa jikoni mpaka vyombo vya mwisho vioshwe, anaitwa mtu wa maana. Na ukitaka kutoa sababu ya jambo lolote, unasema "kwa maana". Katika Kiswahili tunachokisema tangu asubuhi, maana haijafukiwa ndani ya maisha kama dhahabu ndani ya miamba ya Geita, ikingoja mwenye bahati aichimbe. Ni namna mtu anavyokaa na watu na vitu. Unaweza kuwa nayo asubuhi na jioni ukaipoteza kwa kuzima simu tu.

Chukua matumizi hayo kwa uzito, maana ni fikra ya watu wengi wa vizazi vingi. Ukiuliza kwa lugha hiyo, "maisha hayana maana" inageuka kuwa shtaka: nani kamtupa nani? Nadhani wewe umetupwa, na nadhani unajua. Ulisoma, ukaahidiwa, ahadi haikutimia. Hilo ni jeraha la kweli. Ila ni jeraha lenye anuani, na si busara kuisingizia dunia nzima.

Kuhusu mzee wa kanisani, mheshimu, lakini hapa amekosea mara mbili. Søren Kierkegaard wa Denmark, aliyeishi kati ya 1813 na 1855 na ambaye wengi humhesabu baba wa fikra hizi, alikuwa Mkristo aliyeteseka kwa ajili ya imani yake. Gabriel Marcel wa Ufaransa alikuwa Mkatoliki. Sartre mwenyewe, katika mhadhara wake maarufu wa Paris wa Oktoba 1945, alikiri kwamba wadhanaishi ni makundi mawili, wanaoamini Mungu na wasioamini, na yeye ni wa kundi la pili. Kinachowaunganisha ni kidogo kuliko tunavyodhani. Katika mhadhara ule Sartre alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi anajua kisu ni cha kazi gani kabla hajakitengeneza. Binadamu, alisema, huanza kwa kuwapo, kisha kwa matendo yake ndipo anakuwa mtu wa namna fulani. Mwumini anaweza kubishana na nusu ya kwanza ya maneno hayo. Nusu ya pili angeweza kuisikia Jumapili yoyote.

Kosa lake la pili ndilo kubwa: kwamba haya ni ya Wazungu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Huko si mbali, meli inatoka Mwanza hadi Nansio na kurudi. Alisoma seminari ya Nyegezi, hapo unapopita ukielekea stendi, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiyo, alisoma vitabu vya Ulaya, tena kwa kina, na shahada yake ya uzamivu aliipata Marekani, Wisconsin, mwaka 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika. Lakini ugeni wa vitabu haufanyi swali kuwa geni. Mtoto anayekua kisiwani, akaona mitumbwi inatoka jioni na asubuhi mmoja haurudi, hahitaji kufundishwa na Paris kwamba maisha yana ufa.

Umesoma Kichwamaji mara mbili, kwa hiyo sitakusimulia. Nitakuambia tu ninavyomsoma Kazimoto, mhusika wake mkuu, baada ya miaka mingi ya kumfundisha. Nilipokuwa na umri wako nilidhani falsafa ndiyo iliyomuua. Sidhani hivyo tena. Elimu yake ilimwondoa kijijini bila kumfikisha kokote, akabaki anawatazama ndugu zake kama mtu aliyesimama dirishani usiku, nje. Anawaelewa kuliko wanavyojielewa, na hawezi kuketi nao. Kila jambo analolipima kwa akili linamponyoka, kwa sababu kulipima kumempa kisingizio cha kutolishika. Wewe mwenye shahada na mikono inayonuka dagaa ulimwona ukajiona. Sikulaumu. Lakini yeye alikuwa likizoni, wewe uko kazini, na tofauti hiyo ina uzito.

Tena, mwaka ule ule riwaya hiyo ilipotoka, 1974, mkono ule ule ulitoa Kichomi, diwani ya mashairi. Watu wanaposema Kezilahabi ni mwandishi wa kukata tamaa, huwa wamesoma riwaya wakaacha mashairi. Humo kuna shairi liitwalo "Kisu Mkononi". Litafute. Msemaji anaiona miaka yake inaibwa mmoja mmoja, naye anabingirika kama gurudumu kwenye mteremko mkali, hawezi kusimama wala kurudi. Kisu kiko mkononi, na msomaji anajua kimeshikwa kwa ajili gani. Kile kisu cha Sartre kilikuwa na kazi iliyojulikana tangu kwa fundi, hiki cha Namagondo kinangoja aliyekishika aamue. Naye anaamua kuishi. Hakuna aliyeshuka kumfunulia lolote. Picha anayotuachia mwishoni ni ya ng'ombe aliyefungwa, anayezunguka akiifuata kamba yake, na mapigo ya moyo yanakuwa muziki wa maisha.

Kaa na picha hiyo. Hakika umewahi kuona ng'ombe amefungwa kambani, kwenye uwanda wowote kati ya Kisesa na Magu. Kigingi kimoja, kamba ya urefu wa hatua sita au saba. Asubuhi anavuta mpaka shingo inapinda, kamba inakaza, anaachia. Baada ya muda anaanza kuzunguka, na ukirudi mchana unakuta duara safi, majani yameliwa mpaka mwisho wa kamba, upande mmoja amelala anacheua. Ng'ombe huyo hana uhuru, sitaki kukudanganya, na mshairi hakudanganya. Kuzaliwa kwako, mwaka uliomaliza chuo, kifo kinachokungoja, hivyo ni kigingi. Lakini duara ni lake, na majani yaliyo ndani yake ni majani ya kweli. Sijaona picha ya Ulaya inayoeleza uhuru ndani ya mipaka vizuri kuliko hiyo, na imetoka kwa mtu aliyekua akiona ng'ombe.

Nije kwa Camus, kwa kuwa nadhani ndiye aliyekukosesha raha. Unalijua lile jiwe. Sisyphus, mfalme wa hadithi za Kigiriki, amehukumiwa kusukuma jiwe mpaka kileleni, likifika linaporomoka, anaanza upya, milele. Camus anamtazama hasa wakati anaposhuka kulifuata, mikono mitupu, akijua yote. Anasema tumwone kuwa ni mtu mwenye furaha. Baadhi ya wahakiki wetu waliiita hali hii ubwege. Neno hilo silipendi, kwa sababu bwege kwetu ni mtu asiyejua kinachoendelea, na huyu anajua kila kitu. Heri tungesema mapambano bure.

Nimeishi na jiwe hilo muda mrefu, tena katika jiji la mawe, na nimeona mahali linaponiachia. Panda Igogo au Mabatini siku ambayo maji ya bomba hayajafika juu. Utamwona mama na ndoo ya lita ishirini kichwani, anapita kati ya mawe makubwa kuliko nyumba, mkono mmoja kwenye ndoo, wa pili unatafuta mwamba. Juu ya maji ametandaza kipande cha nailoni ili yasiruke. Kesho asubuhi atapanda tena, na keshokutwa. Mtu akimtazama kutoka barabarani atasema: huyo hapo, Sisyphus. Lakini jiwe likifika juu halinywewi. Ndoo ikifika juu kuna mtoto aliyekuwa anaingoja, na kikombe kiko mkononi tayari. Kazi zote mbili hazina mwisho, na zinafanana mpaka pale kileleni. Sisyphus yuko peke yake mlimani. Camus, niliyempenda na ninayempenda, hakumpa jirani hata mmoja.

Utaniambia: mtoto naye atakufa. Ndiyo. Jiji hili halihitaji kukumbushwa. Tulikuwapo tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, na tulikuwapo tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, watu wakiwa wanatoka gulioni. Hakuna nadharia iliyonifaa siku zile, na sina leo jibu la kukufutia kifo. Ninachokumbuka ni watu wakichimba makaburi, wengine wakipika, wengine wakishika mikono ya waliokuwa wanatambua maiti. Walikuwa watu wa maana. Silisemi hilo kwa urembo, ninatumia neno kama mwaloni wanavyolitumia.

Basi shairi. Kwa ufundi ubeti wako hauna doa kubwa: mizani minane kwa minane katika kila mshororo, kina cha kati kimesimama, cha mwisho kimeachiwa kwenye mshororo wa mwisho tu, na hilo linaruhusiwa. Umejifunza vizuri. Unajua ugomvi wa miaka ya sabini, Kichomi kilipotoka bila vina wala mizani na watunzi wa kimapokeo, walioshika sheria alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, wakasema hayo si mashairi. Wengi wa rika langu tulichagua upande. Leo naona vina ni kamba ile ile ya ng'ombe, na aliyeikata alijifunga nyingine, kwa maana hata shairi huru lina kigingi chake. Andika kwa namna yoyote kati ya hizo. Tatizo la ubeti wako haliko huko.

Tatizo ni kwamba wewe hauko ndani yake. Giza nene, moyo waumia, majibu, kuishi: mishororo hiyo angeweza kuiandika mtu wa Tanga au wa Kigoma, mwenye kazi au asiye nayo, mwaka wowote. Umemwomba mtu akuambie maana, na ukaondoa kutoka kwenye shairi watu wote wanaoweza kukuambia. Halafu katika barua, bila kujua unatunga, ukaandika: mvua ya ghafla ikija tunakimbizana na turubai. Hapo nilisimama. Ni nani hao mnaokimbizana? Turubai linashikwa na wangapi? Dagaa wa chanjani na wa mchangani, mnafunika wepi kwanza, na nani anaamua? Anayenunua walioloa anapanga bei akiwatazama usoni au akitazama pembeni? Samaki aliyevuliwa usiku wa giza kwa taa, na wavuvi waliokesha huku taa zao zikionekana kutoka ufukweni kama mji mwingine juu ya maji, anaishia kuwa chakula cha kuku kwa sababu ya mvua ya robo saa. Kama unatafuta mapambano bure, unayo miguuni pako, na unanunua Camus kwa bando la simu.

Usiliandike neno "maana" katika shairi hilo. Hata mara moja. Wala "maisha". Andika turubai, liandikwe mpaka msomaji asikie linavyopiga upepo.

Jambo jingine: Kisukuma na Kikerewe unavijua? Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, wakati wa mbina, yaani ngoma, baada ya mavuno, hawakuwahi kumwona mtunzi kama mtu wa chumbani. Manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, anasimama mbele ya umati, na mpinzani wake yuko upande wa pili wa uwanja na umati wake. Wimbo ukipwaya, watu wanahamia kule, wazi, ukiwaona. Nenda Bujora, Kisesa, msimu ukifika ukasimame katikati. Sisi tuliosomea mashairi vitabuni tumezoea kudhani upweke ni sehemu ya ufundi, na nadhani dhana hiyo imetugharimu.

Na kama unaogopa kwamba hakuna atakayesoma, mfikirie Aniceti Kitereza. Naye ni wa Ukerewe, alizaliwa mwaka 1896. Alimaliza riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, akitaka maisha na lugha ya watu wake visipotee. Hakupata wa kuichapa. Miaka ikapita, akakaa akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na ilitoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuimaliza. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Ukiifungua utaona mtu aliyeeleza kwa subira namna ya kulima, kuponda nafaka, kuomba msamaha ukweni, kutafuta mtoto kwa waganga, kana kwamba aliyeketi mbele yake ni mgeni anayehitaji kujua kila kitu. Kwa miaka 35 mgeni huyo hakuwapo. Aliandika hivyo hivyo. Soma hiyo kabla ya Nagona, riwaya nyingine ya Kezilahabi, ambayo ni fupi lakini itakuzungusha bure kwa sasa.

Sikuambii uache Camus. Msome mpaka mwisho, na umsomee ufukweni, si kitandani saa nane usiku. Wala sikuambii kwamba dagaa ndiyo hatima yako. Endelea kutuma maombi ya kazi, na hasira yako juu ya ahadi iliyovunjika iweke, itakufaa katika shairi jingine.

Kwanza niandikie la turubai. Ukilimaliza, usinitumie mimi. Msomee mama mdogo mkiwa mnageuza dagaa, kwa sauti ya kawaida, usitangulize kwamba ni shairi. Akisema, "Hapo umekosea, haikuwa saa tano, ilikuwa saa nne, na aliyeshika upande wa ziwani ni mimi, si wewe," rekebisha, kisha nitumie.